Kupima vijito vya Arusha kwa kujitolea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunashuka mtoni na mabeseni, na hakuna mwezi ambao tumemaliza kazi bila mtu kusimama darajani akatuuliza tunafanya nini. Maswali mengi yanajirudia. Tumeyakusanya hapa, pamoja na yale tunayoulizwa na wanaotaka kujiunga. Marefu yamejibiwa kwa urefu, mafupi kwa ufupi.

Ninyi ni nani, na mnapima nini hasa?

Ni majirani tu. Kuna walimu, fundi pikipiki mmoja, wanafunzi wa sekondari, akina mama wawili wanaolima mboga bondeni, na mimi ninayeandika haya kwa kuwa ndimi ninayetunza daftari. Hatuna ofisi wala gari.

Mlima Meru unateremsha vijito vingi vinavyokatiza jiji: Themi, Naura, Kijenge, Ngarenaro, Burka. Sisi tumechukua kipande cha Themi na kukigawa katika vituo vinne. Cha kwanza kiko juu, kabla mto haujaingia kwenye nyumba za watu. Cha pili ni darajani mjini. Cha tatu kiko chini ya gereji na sehemu za kuoshea magari, na cha nne kwenye bustani za mchicha na sukuma. Kila kituo tunapima joto la maji, uangavu, pH (yaani maji yameelemea upande wa asidi au wa magadi), upitishaji umeme (dalili ya chumvi zilizoyeyuka), na wadudu wanaoishi chini ya mawe. Kifaa kikiwepo tunapima pia naitreti na fosfeti, yaani dalili za mbolea, samadi, majitaka na sabuni.

Kwa hiyo mtaniambia kama maji haya yanafaa kunywa?

Hapana. Hili tunaulizwa kuliko yote, na jibu letu halibadiliki hata kituo cha juu kikiwa kimepata alama nzuri kupita kiasi. Tunapima afya ya mto. Maji ya kunywa ni kipimo kingine, chenye maabara yake.

Kwanza kuna vimelea. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na yakawa na kinyesi ndani yake. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na bakteria wa E. coli hata mmoja katika mililita 100. Kuwatafuta kunahitaji chupa iliyotakaswa, sampuli kuwekwa kwenye baridi na kufikishwa maabara ndani ya saa chache, sita ikiwezekana, kisha kuoteshwa kwenye joto kama la mwili kwa siku nzima au zaidi. Mdudu aliye chini ya jiwe hawezi kukusemea hayo.

Pili kuna floraidi, na hili wenyeji wa Meru wanalijua kwa kutazamana midomoni. Miamba yetu ni ya volkano, na maji yakipita ndani yake huokota madini hayo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yapo maji ya eneo hili yanayokizidi mara nyingi, ndiyo maana kuna watoto wenye meno ya kahawia, na katika vijiji vilivyoathirika sana wapo waliopinda miguu. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Ukichemsha sana unaizidisha, kwa sababu mvuke huenda na madini hubaki sufuriani. Kinachosaidia ni kama yale machujio ya mkaa wa mifupa yaliyofanyiwa kazi miaka mingi pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Sasa angalia: floraidi hii hakuitia mtu. Mto unaweza kuwa safi kabisa kwa vipimo vyetu, umejaa wadudu wazuri, na bado ukamharibu mtoto meno.

Kuna vifaa vya kisasa siku hizi. Kwa nini mnahangaika na wadudu?

Kwa sababu kifaa hukuambia maji ya dakika ile. Ukitumbukiza kipimo saa nne asubuhi, unapata habari za saa nne asubuhi. Aliyemwaga ndoo ya oili chafu saa nane usiku ameshalala, na ndoo yake imeshafika mbali. Lakini mdudu alikuwepo saa nane usiku. Hana pa kwenda. Wengine hukaa majini miezi kabla ya kuota mabawa, na muda wote huo wanapumua kilichomo. Maji yakiharibika, walio dhaifu hufa au huchukuliwa na mkondo, na kurudi kwao huchukua muda. Ukiinua jiwe unasoma wiki nyingi zilizopita.

Njia tunayotumia inaitwa miniSASS. Ilitengenezwa Afrika Kusini, na ni ufupisho wa njia ya wataalamu inayoitwa SASS. Badala ya kutambua familia nyingi za wadudu, mtu wa kawaida anatambua makundi 13 kwa macho, na kila kundi lina alama kulingana na lilivyo dhaifu mbele ya uchafu. Tanzania tuna njia yetu ya kitaalamu pia, TARISS, iliyochapishwa mwaka 2015. Hiyo inataka mtu aliyesomea, nasi hatujifanyi kuiweza.

Wengi wa wadudu hawa hawana majina ya Kiswahili yanayojulikana, basi tumejipa yetu. Kuna tunayemwita mikia mitatu: bapa, mwepesi, anatembea juu ya jiwe upande kama kaa, na ubavuni ana vijani vinavyopepea bila kupumzika. Ndiyo mapafu yake hayo. Kuna wa mikia miwili, mkubwa zaidi, mwenye kucha. Huyo ndiye mwenye alama nyingi kuliko wote, 17, kwa sababu hataki mchezo: anataka maji baridi yenye oksijeni tele. Kuna mjenzi, buu anayejishonea koti la chembe za mchanga au vipande vya majani na kutembea nalo. Watoto wakimwona kwa mara ya kwanza hupiga kelele, maana kijiti kimeanza kutembea. Hao wengine unawajua: kaa, konokono, kereng'ende wakiwa bado wadogo majini, ruba, minyoo, mabuu ya nzi na mbu.

Kuna wekundu wanaojikunja kwenye tope jeusi, na kila mgeni huwaita minyoo. Si minyoo. Ni mabuu ya visubi wasiouma, na wekundu wao ni ule ule wa damu yetu: ndio unaowawezesha kushika oksijeni kidogo iliyopo mahali ambapo wengine wangekufa. Ukiwakuta hao tu, na hakuna mwingine, umeshajua habari ya mahali hapo kabla ya kufungua kifaa chochote.

Alama zinahesabiwaje?

Hesabu ya darasa la nne. Huhesabu wadudu wangapi, unahesabu makundi mangapi. Mikia mitatu mia moja ni kundi moja. Unajumlisha alama za makundi uliyoyaona, unagawanya kwa idadi ya makundi.

Tuseme juu umepata mikia mitatu wa aina mbili (11 na 5), mjenzi (9), kaa (6) na mabuu ya nzi (2). Jumla 33, gawanya kwa 5, unapata 6.6. Chini ya mji umepata konokono (4), ruba (2), minyoo (2) na mabuu ya nzi (2). Jumla 10, gawanya kwa 4, ni 2.5. Kwa mto wa mawe kama wetu, zaidi ya 7.9 ni hali ya asili, na chini ya 5.1 ni mbaya sana. Hiyo 6.6 iko katikati. Hiyo 2.5 haihitaji maelezo.

Mipaka hii ilipangwa kwa mito ya Afrika Kusini. Kwetu tunaitumia zaidi kuufananisha mto na wenyewe: kituo cha juu na cha chini, mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Anayekuja na jedwali la mto wa nchi nyingine kutuonyesha kwamba Themi inashinda au inashindwa tunamkaribisha chai, lakini jedwali lake hatulitumii.

Nije na vifaa gani?

Njoo na gambuti, kofia na maji yako ya kunywa. Vingine tunavyo: mabeseni meupe (meupe, tafadhali, kwenye beseni la bluu humwoni mdudu), machujio makubwa ya jikoni yaliyofungwa kwenye mipini ya fagio, vijiko vya plastiki, kipimajoto, karatasi za pH, kikopo chenye lenzi ya kukuzia na kifaa kidogo cha upitishaji umeme tulichochangishana. Uangavu tunaupima kwa bomba angavu lenye alama nyeusi na nyeupe chini. Unalijaza maji ya mto, unachungulia kutoka juu, unayapunguza taratibu hadi alama ionekane, halafu unasoma sentimita.

Kalamu ya risasi ni muhimu kuliko simu janja. Wino hufutika ukilowa na simu huanguka mtoni. Tumeshapoteza mbili.

Kwa nini sehemu zile zile, saa zile zile, kila mwezi? Haichoshi?

Inachosha sana. Nisikudanganye, ndiyo sababu kubwa ya watu kuacha. Mwezi wa kwanza mtu anakuja na shauku ya kukamata mharibifu, wa pili anakuta joto ni 17, pH ni 8, mjenzi yupo, kaa yupo, kila kitu kama juzi. Mwezi wa tatu ana msiba wa jirani. Wa nne hapokei simu.

Lakini mwezi ule usio na habari ndio wenye thamani. Mto una tabia zake kama mtu. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo: usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 kwa lita, na ya nyuzi 30 takriban 7.5. Hapa kwetu, karibu mita 1,400 juu ya bahari, hupungua zaidi. Mchana mwani hutengeneza oksijeni, usiku kila kiumbe hula ile ile iliyobaki, kwa hiyo alfajiri huwa ndiyo ya chini kabisa. Sasa mmoja akipima saa moja asubuhi Aprili na mwingine saa tisa alasiri Oktoba, tofauti yao inaweza kuwa ya jua tu, haina uhusiano wowote na gereji. Kiangazi maji hupungua na chumvi zake huonekana nyingi, masika huzimuliwa. Bila kuzijua siku za kawaida huwezi kuitambua isiyo ya kawaida.

Upitishaji umeme ndio uliotufundisha hili. Tulipoanza tulishtuka, maana namba zetu zilikuwa juu sana kuliko za vitabuni, na mmoja wetu akataka twende redioni siku ile ile. Kumbe hiyo ni volkano tena, chumvi za mlima. Zilikuwa juu hata kituo cha kwanza, ambako hakuna hata choo. Cha kuangalia ni kiasi gani zinapanda kutoka kituo cha kwanza hadi cha tatu, na hilo hulioni hadi uwe na daftari lililojaa.

Kuna mzee alituambia tunatwanga maji kwenye kinu. Sikumbishia. Nilimwonyesha kurasa za miezi 14 za kituo cha tatu, akazipekua polepole akilowesha kidole, halafu akauliza swali moja: «Hapa Julai kulikuwa na nini?» Hatukuwa tumeiona hiyo Julai. Alama zilikuwa zimeshuka vituo viwili kwa pamoja, na wala haikuwa mvua. Mzee sasa huja kila mwezi, hashuki majini, hukaa ukingoni kwenye stuli yake na kuandika.

Nimeona mafuta juu ya maji, au povu jingi. Ni sumu?

Huenda, na huenda si lolote. Hapa sisi wenyewe tulipotea maboya.

Mwaka wetu wa kwanza tulikuta utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua kwenye kidimbwi kando ya kituo cha tatu. Tulipiga picha na kuandika barua kali kwa ofisi moja, tukimnyooshea kidole mwenye gereji. Akaja afisa, kijana mpole. Akavunja kijiti, akagusa ule utando. Ukapasuka vipande vipande kama barafu nyembamba, na vipande havikurudiana. «Hawa ni bakteria wa chuma,» akasema. «Mafuta ukiyagusa yanazunguka kijiti na kujifunga tena.» Tulitamani ardhi ipasuke. Siku hizi tunatembea na kijiti, na jambo la kwanza mgeni anafundishwa ni hilo. Mwenye gereji tulimwomba radhi. Alitusamehe, ila hadi leo tukipita huuliza kama tumekuja na kijiti.

Povu nalo lina mawili. Linalotokana na majani yaliyooza huwa na rangi ya udongo au krimu, hukusanyika nyuma ya mawe na chini ya maporomoko, na hunuka udongo. La sabuni ni jeupe, hukaa mahali pamoja karibu na bomba au mtaro, na aghalabu linanukia. Ndiyo, tunanusa, kwa kupunga mkono kuelekea puani; pua yenyewe haishuki majini.

Maji ya rangi ya chai si lazima yawe machafu pia. Majani na udongo huweza kuyapaka rangi hiyo, na kuna kata nzima huko Arumeru inaitwa Maji ya Chai.

Samaki wengi wakielea kwa pamoja, au maji yakibadilika rangi ghafla na kutoa harufu ya kemikali, hapo usiguse, usinuse, zuia watoto na mifugo, piga picha yenye saa, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Mvua ikinyesha mnaahirisha?

Ya rasharasha hapana. Kama imenyesha kubwa mlimani tunaahirisha hata kama mjini kuna jua, kwa sababu mto wa mlimani hupanda kwa dakika. Ukisikia mngurumo, au ukiona maji yamegeuka ghafla rangi ya kakao na yanaleta vijiti, toka. Acha beseni. Beseni linanunuliwa.

Baada ya mafuriko wadudu pia huwa wamefagiliwa, kwa hiyo tunasubiri kama wiki mbili ndipo tunawahesabu. Alama mbaya ya siku ya tatu baada ya mafuriko ni ya mafuriko.

Mnajuaje kwamba hamkosei?

Tunakosea. Kuna mwezi vituo vyote vinne vilitoa pH ya 5. Mito ya Meru hulalia upande wa 8, na kushuka hadi 5 juu mlimani kote kungetaka pipa la asidi msituni. Karatasi zilikuwa zimekaa wiki nzima juani kwenye dashibodi ya daladala ya mjomba wa mtu. Tulipiga mstari kurasa zote za siku ile, tukaandika sababu pembeni. Hatukuzichana. Ukurasa wenye kosa lililoelezwa unaaminika kuliko daftari lisilo na kosa.

Tahadhari zetu ni chache. Kila kipimo husomwa na wawili ambao hawajasikiana, na wakipishana wanarudia. Kipimajoto husomwa kikiwa bado majini, maana ukikitoa unasoma upepo. Mdudu mwenye utata anapigwa picha kwenye sinia jeupe kando ya rula na kuitwa «hatujui» hadi anayejua aseme. Tunaanza kituo cha chini na kupanda, ili tope tunalotimua lisitufuate kwenye kipimo kinachofuata. Na karatasi za pH zinakaa kabatini kwangu, kwenye kopo la kahawa.

Serikali inazitambua takwimu zenu?

Inategemea unamaanisha nini. Mahakamani namba zetu peke yake hazitoshi; zinahitajika sampuli za maabara inayotambulika, zilizochukuliwa na mwenye mamlaka. Lakini maabara haiwezi kuwa kila mtaro kila wiki. Daftari letu linaweza kumwambia mtaalamu aje wapi na lini.

Nchi ina mabonde tisa ya maji, na sisi tuko Bonde la Pangani, ambalo bodi yake ndiyo ya kwanza kuundwa Tanzania, mwaka 1991, na makao yake yako Moshi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka nafasi ya jumuiya za watumia maji, na huko ndiko kikundi kama chetu kinapopata mlango wa kubishia. Kuna pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu na za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukiitazama Arusha kwa kifungu hicho utaona kazi iliyopo. Sisi hatutembei na futi kuwapimia watu nyumba zao. Kwanza si kazi yetu, pili hao akina mama wa mchicha walioko ndani ya mita 60 ni wanachama wetu, na bila wao tusingejua dawa za kuulia wadudu zinapigwa siku gani.

Nakala ya kila robo mwaka tunapeleka kwa mtendaji wa kata, afisa mazingira na bodi ya bonde, na kila mara tunagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Usisahau muhuri.

Tukimkuta mtu anamwaga uchafu, tumkamate?

Hapana, hapana, hapana. Salimia, pita. Andika mahali, saa na ulichoona, si ulichodhani. Usiandike jina la mtu kwenye daftari la kikundi, wala usirushe picha ya uso wake kwenye kundi la WhatsApp. Taarifa ipelekwe na viongozi kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mazingira. Jambo kubwa linafika NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Na mara nyingi mtu hajui. Mama mmoja anayefulia karibu na daraja alituona tukiinua mawe.

«Wanangu, mnatafuta dhahabu?»

«Hapana mama, wadudu.»

«Wadudu! Kwangu wapo bure, njooni mbebe.»

Tulimwita aone mjenzi kwenye beseni. Alimtazama kimya, kisha akauliza kama sabuni ya unga inamuua. Tulimweleza tunachojua: sabuni nyingi huwadhuru, na maji ya kufulia yakimwagwa ardhini mbali na mto, udongo huyachuja kiasi. Mwezi uliofuata tulikuta anafua pale pale, ila ndoo ya maji machafu anaipandisha na kuimwaga kwenye migomba. Si kila mara inakuwa hivyo. Aliyefuata alitutukana.

Watoto wanaruhusiwa? Kuna hatari gani?

Wanaruhusiwa wakiwa na mtu mzima wao, na hakuna anayeingia majini akiwa peke yake, mtoto wala mzee. Maji yakipita goti, hatuingii.

Kichocho kipo Tanzania nzima kwa viwango tofauti. Vijidudu vyake hutoka kwa aina fulani za konokono na kupenya ngozi, hasa kuanzia asubuhi iliyokwishapamba moto hadi alasiri. Juu huku kwenye baridi na mkondo mkali hatari ni ndogo kuliko kule tambarare kwenye mifereji ya umwagiliaji, lakini gambuti ni lazima kote. Ukilowa, jikaushe haraka kwa taulo. Mwenye kidonda mkononi anakuwa mwandishi siku hiyo. Kila mtu ananawa kwa sabuni na maji safi kabla ya kugusa maandazi, na ninawasimamia mimi.

Vioo vilivyovunjika na sindano vituo vya mjini ndivyo vinavyonitisha zaidi. Mikono haichokori tope. Tumia chujio.

Mnalipwa?

Chai na maandazi. Ukichelewa, chai.

Sijasoma sayansi. Nitafaa?

Mwandishi wetu bora aliishia darasa la saba, na macho yake yanaona mikia mitatu ambaye mwalimu wa baiolojia amempita. Huko Sondu-Miriu, magharibi mwa Kenya, watafiti waliweka vipimo vya kina cha maji sehemu 13 na mabango yanayoeleza namna ya kusoma na kutuma namba kwa SMS. Katika mwaka wa kwanza wapita njia zaidi ya 100 walituma vipimo zaidi ya 1,000, kwa simu za kawaida kabisa. Wengi walituma mara moja wakaacha, na wachache ndio waliobeba kazi. Kwetu ni hivyo hivyo, kwa hiyo nikikuuliza utakuja mara ngapi, niambie kweli.

Sikai Arusha. Naweza kuanzisha kwetu?

Anza na watu wanne na vituo viwili, kimoja juu ya mahali unapopashuku na kimoja chini yake. Usianze na kumi. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji kabla ya kuonekana mtoni na vyombo, la sivyo utaambiwa unatafuta madini au unatia dawa. Kama mto wenu ni wa mchanga, miniSASS ina mipaka yake ya alama kwa mito hiyo, usitumie ya mawe. Kama kuna mamba au viboko, pima kutoka darajani kwa ndoo na kamba, na wadudu uwasamehe. Huko chini maji haya haya ya kwetu yanaingia Kikuletwa, yanatua Nyumba ya Mungu, halafu yanashika mto Pangani hadi baharini, kwa hiyo aliyeko Korogwe au Pangani mjini akipima, naomba anitumie namba zake.

Nianzie wapi?

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, kituo cha nne. Ukichelewa usitupigie, simu ziko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya ndoo. Fuata mto ukipanda. Ukifika kwenye mringaringa mkubwa utamwona mzee kwenye stuli. Msalimie, sema jina lako, naye ataliandika.